Mtoto Anayeoga Mara Nne

Simu ya mlezi wa bweni ilimkuta Kuukua Bentsil amepiga magoti mbele ya tanuri, mikono imejaa udongo hadi viwikoni. Ilikuwa Jumanne, siku ambayo mitumbwi ya mji wao wa pwani, Apam, haiendi baharini, na wanawake wanaokausha samaki huitumia kuziba nyufa za matanuri yao. Jirani yake, Esi Mansa, alimshikia simu sikioni.

"Mama Baaba? Ni Madamu Birago, wa bweni la pili. Njoo kesho umchukue mwanao. Shule imechoka."

"Anaumwa?"

"Haogi."

Kuukua alidhani hakusikia vizuri. Akauliza tena, akajibiwa lile lile, polepole, kama anayesomewa barua kwa sababu hajui kusoma. Mtoto haogi, ananuka, wenzake hawapati usingizi, na mkuu wa shule ameshaandaa karatasi ya kumwondoa. Kisha simu ikakatwa.

Mtu akikwambia mwanao ameiba, utauliza kaiba nini. Akikwambia ana mimba, utauliza ya nani. Lakini kuambiwa mwanao haogi, na wewe umetoka mahali ambapo hata mgonjwa aliyekata kauli huogeshwa asubuhi na jioni, ni kuambiwa kwamba nyumba yenu nzima imekuwa ikifuga wanyama na kuwapeleka shule. Kuukua aliketi kwenye rundo la kuni, udongo ukimkaukia mikononi.

"Nani haogi?" Esi Mansa akasema. "Huyu Baaba aliyekuwa akimaliza pipa la maji la watu sita? Nenda kamuulize huyo mwanamke kama ana pua au ana matundu tu."

"Nitamuuliza."

"Na umpelekee samaki wake, usije ukaonekana huna adabu."

Kuukua alimpelekea. Hakuna mzazi aendaye kwa mlezi wa bweni mikono mitupu, na kwa miaka miwili na nusu Madamu Birago hakuwahi kukosa furushi lake la vibua wa moshi, wale wanene, waliopangwa vichwa upande mmoja. Asubuhi ya Jumatano, alipokuwa tayari njiani kuelekea bara, furushi likiwa mapajani, ndipo alipojiuliza kwa nini amelibeba. Akajikasirikia kwa muda wa saa mbili. Saa zilizobaki aliwakasirikia wengine.

Shule ya wasichana ya Nkwantapa imejengwa mlimani, katikati ya mashamba ya kakao. Kuukua hakuanzia ofisini. Alimuuliza mpishi Baaba yuko wapi, na mpishi, badala ya kuonyesha upande wa madarasa, akaonyesha kwa mdomo nyuma ya jiko. Kulikuwa na stoo ya majembe na mapanga. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kati ya majembe na gunia la chokaa, palikuwa na godoro, sanduku la chuma, na binti yake wa miaka kumi na saba aliyeketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, daftari magotini.

"Mama."

"Unafanya nini humu?"

"Nasoma."

"Nauliza unafanya nini humu."

Baaba akafunga daftari. "Nalala humu. Wiki ya tatu hii. Darasani nakaa dirishani, lakini Madamu alisema wiki hii nisiingie, mpaka wewe uje."

Kuukua akaingia, akainama kumkumbatia, na hapo ndipo mambo mawili yalipomjia kwa pamoja. La kwanza lilikuwa ngozi. Shingo na mikono ya mtoto vilikuwa vimechubuka, vyekundu na vikavu, kama goti la aliyeanguka kwenye changarawe. La pili lilikuwa harufu.

Alikuwa mwanamke msema kweli, hata pale ambapo kweli haimsaidii. Akanusa tena, nyuma ya sikio, penye nywele.

"Unanuka samaki," akasema.

"Najua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kidato cha kwanza, kidogo kidogo. Siku zangu zikikaribia inazidi. Mwaka huu haiondoki. Nilipokuja likizo nilitaka kukuambia, lakini kule nyumbani hakuna aliyesema kitu, nikadhani imekwisha."

Kule nyumbani. Kuukua alifikiria ua wao, matanuri manne, trei za waya, nguo zilizoanikwa juu ya moshi, watu ambao hata fedha zao hunuka samaki. Nani angejua? Angeweza kukaa na mtoto huyu miaka kumi asijue. Lakini hapa, kati ya chokaa na majembe, harufu ilisimama peke yake, naye aliitambua. Haikuwa ya moshi wala ya chumvi. Haikuwa ya samaki aliyeshikwa kwa mkono na mkono usinawe, kwa sababu hiyo hukaa juu ya ngozi na hufa ikikauka. Hii ilikuwa ya samaki mbichi aliyeanza kulegea, na ilitoka ndani, kwenye pumzi na jasho.

"Nani amekuchubua?"

"Nimejisugua mwenyewe. Naoga mara nne kwa siku, Mama. Alfajiri, saa sita, jioni, na kabla ya kulala. Madamu anasimama mlangoni na sabuni nyeusi anayoletewa kutoka kwao. Anasema nisugue mpaka aridhike. Nikitoka ananinusa, ananirudisha." Aliyasema haya kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma ratiba. "Wenzangu wananiita Tanuri. Nikipita wanasema, limewaka."

Kuukua aliinuka, akachukua furushi lake, akamwambia mwanawe amfuate.

Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa na feni, kabati la vikombe vya ushindi, na meza ambayo juu yake karatasi ilikuwa imeshawekwa, kalamu pembeni. Mkuu, Madamu Frempomaa, alikuwa mwanamke mwembamba wa miwani, mwenye uchovu wa mtu anayesimamia wasichana elfu moja na vyoo thelathini. Madamu Birago alikuwa amekaa kando yake, mnene, nadhifu, leso mkononi. Baaba alipoingia, leso ilipanda puani.

"Karibu, Mama," mkuu akasema. "Safari ilikuwa ndefu."

"Ilikuwa ndefu. Karatasi hii inasema nini?"

"Kwamba unamwondoa Baaba kwa hiari yako. Ni kwa faida yake. Tukimwondoa sisi, itaandikwa kwenye rekodi yake kwamba ni utovu wa nidhamu na uchafu. Ukimwondoa wewe, haiandikwi kitu."

"Na mtihani wa mwisho? Imebaki miezi mitatu."

Mkuu akavua miwani. "Angeweza kujaribu mwakani. Mahali pengine."

"Kwa hiyo mwaka unapotea kwa hiari yangu."

"Mama, elewa," Madamu Birago akaingilia. "Mimi nimelea mabweni miaka kumi na tisa. Nimeona kila kitu. Nimemnunulia mwanao sabuni kwa mfuko wangu. Nimesimama mlangoni kama askari. Na kadiri anavyosugua ndivyo anavyonuka zaidi. Anatoka bafuni ananuka kuliko alivyoingia. Sasa niambie, hiyo si hila? Lazima kuna samaki anaficha mahali. Tumepekua sanduku lake mara mbili. Nyinyi watu wa pwani mmezoea, hamsikii tena. Sisi huku tunasikia."

"Umesema anatoka ananuka zaidi?"

"Zaidi. Waulize wenzake."

"Baada ya kutumia sabuni yako nyeusi."

"Sabuni safi, ya majivu ya kakao, ya asili. Mama yangu mwenyewe anaipika."

Kuukua akainamisha kichwa. Mkuu alidhani mzazi ameishiwa maneno, akaisogeza karatasi mbele kidogo. Lakini Kuukua alikuwa anafikiria mikono yake. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amepasua samaki, na hakuna mwanamke wa Apam ambaye baada ya kupasua samaki huanza na sabuni. Msichana mgeni kazini ndiye huanza na sabuni, mara moja tu, na harufu humpanda mpaka ashindwe kula kwa mkono huo hadi Jumapili, na wakubwa humcheka. Unaanza na ndimu. Ndimu kwanza, maji, halafu sabuni ukitaka. Jambo hili alilijua kama anavyojua njia ya kwenda chooni gizani. Na kwa sababu alilijua kwa mikono, hakuwahi kufikiria kwamba linaweza kuhusu mwili mzima wa mtu.

"Jikoni kwenu leo mnapika nini?" akauliza.

Mkuu akashangaa. "Samaki, nadhani. Wa barafu. Kwa nini?"

"Naomba mmoja, kama ameyeyuka. Na mabeseni mawili ya maji. Na ndimu mbili. Na wewe, Madamu, lete sabuni yako."

"Mama, hapa si sokoni."

"Najua. Sokoni ningekuwa nimeshapiga kelele."

Mkuu angeweza kukataa. Labda alitazama mabega ya mwanamke huyu na kuona kwamba hataondoka, na kwamba ni rahisi kuleta samaki kuliko kuleta walinzi. Akamtuma Baaba jikoni. Madamu Birago akaenda kuleta sabuni, akarudi nayo imefungwa kwenye jani la mgomba, akaiweka mezani kama aliyeshinda kesi.

Kuukua akampasua samaki kwenye sinia, akayatoa matumbo kwa mikono yote miwili, akajipaka hadi kwenye vifundo vya mikono, kisha akawanyooshea mikono. Mkuu akarudisha kichwa nyuma.

"Yote miwili sawa?"

"Sawa, Mama, sawa. Endelea."

Mkono wa kulia akausugua kwa sabuni nyeusi, taratibu, na povu jingi, kati ya vidole na chini ya kucha, akausuuza. Mkono wa kushoto akaukamulia ndimu mbili, akasugua kwa maganda yake, akausuuza kwa maji matupu. Akajifuta kwa vitambaa viwili tofauti. Kisha akazunguka meza, akasimama mbele ya mkuu wa shule kama anayetaka kupigwa muhuri.

"Nusa huu wa sabuni."

Mkuu akanusa, akafunga macho.

"Na huu."

Akanusa. Akanusa tena. Akaurudia ule wa kwanza, kama mtu asiyeamini mizani.

"Madamu Birago," akasema, "njoo unuse."

"Hayo ni mambo ya wauza samaki," Madamu Birago akasema bila kusogea. "Ndimu ina harufu yake, inafunika."

"Haifuniki," mkuu akasema. "Njoo unuse."

Alinusa, leso ikiwa chini kwa mara ya kwanza. Mkuu akafungua dirisha, akaita mtu aliyekuwa anapita uani, akamwambia amwite Mwalimu Agbeko wa kemia.

Mwalimu Agbeko alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane hivi, mwenye vumbi la chaki kwenye suruali. Alitazama samaki, mabeseni, mikono ya Kuukua, kisha Baaba aliyesimama karibu na kabati la vikombe, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekutwa anapita pembeni asionekane.

"Mwalimu," mkuu akasema, "je, kuna sababu ya sabuni nyeusi kuongeza harufu ya samaki na ndimu kuipunguza? Au ni hadithi?"

"Si hadithi, Madamu. Harufu ya samaki inatokana na kitu kinaitwa trimethilamini. Ni chepesi, kinapenda kuruka hewani. Kikikutana na kitu chenye majivu, kinaachiliwa, kinaruka. Kikikutana na kitu kichachu kama ndimu, kinashikwa, kinageuka kuwa kama chumvi, hakiruki tena. Sabuni nyeusi ni majivu na mafuta."

"Na mtu anaweza kukitoa mwilini bila kugusa samaki?"

Agbeko akapangusa chaki kwenye suruali. "Kila mtu anakitengeneza. Nyama ina kitu kinaitwa karnitini. Ukila nyama, vijidudu vya tumboni vinaivunja ile karnitini, na kinachobaki ndicho hicho. Mayai, maini na maharage yana kitu kingine kinachofikia pale pale. Samaki wa baharini vivyo hivyo. Mimi, nyinyi, sote tumbo letu linakitengeneza sasa hivi. Ila ini linakizima kabla hakijatoka. Kuna watu wachache wanaozaliwa na ini lisiloweza kukizima. Kwao kinatoka kwenye jasho, pumzi na mkojo. Wanaweza kuoga siku nzima. Hakiko juu ya ngozi, kinatoka ndani."

Feni ilizunguka. Baaba alikuwa amemkazia macho mwalimu wake.

"Kwa hiyo kina jina," Baaba akasema.

"Kina jina. Na hali yenyewe ina jina. Mimi si daktari, Baaba, inabidi upimwe hospitali kubwa. Lakini nadhani ni hiyo."

Kuukua alikuwa amesikiliza kila neno, na kuna moja lililomkwama. "Umesema unadhani. Umeanza kudhani leo, hapa mlangoni?"

Mwalimu akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza, mwanangu. Tangu lini?"

"Tangu muhula uliopita, Mama. Nilisoma mahali. Sikuwa na uhakika. Ni jambo la bweni la wasichana, mimi ni mwanamume, ni mgeni hapa, niliona nikisema nitaonekana…"

"Utaonekana nini?"

"Sijui, Mama."

"Muhula mzima. Umetembea na jina la ugonjwa wa mwanangu mfukoni kama kitambaa cha jasho, na yeye analala na majembe. Ulikuwa unapita pale stoo ukienda kula?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulikuwa unamsalimia?"

Kuukua akageuka. Angeweza kuendelea, na alitaka, lakini alikuwa na la kumuuliza bado. "Chakula. Umesema samaki, mayai, maharage. Hapa shuleni wanakula nini?"

"Maharage na gari, ule unga wa muhogo, mara tatu kwa wiki," Baaba akajibu badala yake. "Mayai Jumapili. Na shito yako, Mama. Kila siku."

Shito yake. Pilipili iliyokaangwa na samaki waliosagwa na kamba wakavu, chupa sita kila muhula, kwa sababu chakula cha shule hakina ladha na mtoto anayesoma anahitaji nguvu. Alimwekea samaki maradufu kuliko katika zile chupa anazowauzia watu. Muhula huu, aliposikia kwenye simu kwamba Baaba amepungua, alimtumia chupa nane.

"Ni mimi basi," Kuukua akasema.

"Si wewe, Mama," Agbeko akasema haraka. "Hukujua."

"Sikujua, na sikumtoa kitandani. Lakini chupa ni zangu." Akajifuta mkono wa sabuni kwenye kitambaa, akaunusa, akauweka mbali na uso wake. Kisha akarudi kwenye karatasi iliyokuwa mezani. "Hii siisaini."

Mkuu alivaa miwani. Ilionekana kwamba alikuwa ameguswa, na pia kwamba alikuwa anatafuta njia isiyomwaibisha mtu wa miaka kumi na tisa kazini. "Sawa. Tuiweke pembeni. Tufanye hivi, Mama. Nenda naye nyumbani. Mpeleke hospitali. Akileta barua ya daktari inayothibitisha, tutampokea, kitanda chake kitamngoja."

"Barua."

"Ni utaratibu."

"Mlipomtoa bwenini mlikuwa na barua ya daktari?"

Mkuu akashika kalamu, akairudisha mezani.

"Mlipomzuia darasani, mlikuwa nayo? Mlipomsugua mpaka ngozi ikatoka? Kumtoa hakukuhitaji barua. Kumrudisha ndiko kunakohitaji. Madamu, mimi sikusoma sana, lakini utaratibu wa kwenda upande mmoja tu nauelewa."

"Mama Baaba, punguza," Madamu Birago akasema.

"Sijaanza. Miaka miwili na nusu umekula samaki wangu. Hujawahi kusema wananuka. Ungenipigia simu siku ya kwanza, ukasema, mwanao ana harufu, tuangalie ni nini, ningekuja kwa miguu. Ulinipigia siku ya mwisho ukaniambia haogi. Ulijua anaoga. Ulikuwa umesimama mlangoni."

Madamu Birago akakunja leso yake mara mbili, mara nne. "Nilidhani namsaidia," akasema mwishowe, na kwa kuwa alikuwa akiitazama sabuni, ilisikika kama alikuwa anaiambia sabuni. "Kwetu mtoto akinuka anasuguliwa. Ndivyo mama yangu alivyonisugua mimi."

"Ulinuka samaki?"

"Hapana."

"Basi."

Mkuu aliinua mkono. "Inatosha. Atarudi bwenini leo. Kesho ataingia darasani. Alhamisi ijayo gari la shule litampeleka hospitali, Mwalimu Agbeko ataandika kila alichotueleza, na ataenda naye. Jikoni nitasema mimi. Sabuni ya dukani ile isiyo kali, nitainunua mimi. Umeridhika?"

"Bado. Wasichana wanaambiwa nini?"

"Tutalimaliza kimya kimya. Ni kwa heshima yake."

Kuukua alifungua mdomo, lakini Baaba alitangulia. Alikuwa bado amesimama penye kabati la vikombe, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

"Madamu, mlezi hakusema kimya kimya. Alisema bwenini, baada ya sala, wote wamesimama. Alisema, mwenzenu hajui maji. Nataka aseme pale pale."

"Baaba," mkuu akasema, "unamwagiza mlezi wako?"

"Namwomba, Madamu. Akikataa, Mama asaini tu karatasi. Siwezi kulala mle na wao wanajua vile."

Kuukua alimtazama mwanawe. Huo ulikuwa mwaka mzima anaoutupa mezani. Alitaka kumvuta sikio, amwambie kitanda kwanza, mengine baadaye. Hakumvuta. Alikaa chini, akaweka mikono yake miwili mapajani, ule wa ndimu juu ya ule wa sabuni, akangoja kama wengine.

Saa saba, kabla ya chakula, wasichana arobaini na wawili wa bweni la pili walisimama miguuni pa vitanda vyao. Madamu Birago alisimama kati ya mistari. Mkuu alikuwa mlangoni, Kuukua kando yake.

"Mwenzenu Baaba," Madamu Birago alianza, "ana tatizo la kiafya. Halimwambukizi mtu. Mtamheshimu. Ni hayo tu."

Akageuka kuondoka. Baaba alikuwa amesimama katikati ya njia na mto wake kifuani, na hakumpisha.

"Bado, Madamu."

"Nimesema."

"Umesema ninaumwa. Hukusema ninaoga."

Madamu Birago alimtazama mkuu mlangoni, na mkuu alikuwa anatazama dari. Akamtazama Kuukua, na Kuukua alimrudishia macho yote mawili.

"Anaoga," Madamu Birago akasema. "Mara nne. Mimi ndiye niliyekosea." Kisha akapita pembeni, kati ya kitanda na ukuta, kwa sababu Baaba bado hakuwa amesogea.

Kitanda cha Baaba, cha chini, karibu na dirisha, kilikuwa kimeshachukuliwa na msichana mmoja mrefu aitwaye Pokuaa. Kuukua alienda moja kwa moja kwake.

"Hiki ni cha mwanangu."

"Nilipewa, Anti."

"Sasa unanyang'anywa."

Pokuaa akaanza kukusanya shuka zake. "Anti, mimi sikumwita Tanuri. Ni wengine."

"Ulicheka?"

Msichana akaikumbatia shuka yake.

"Basi njoo unisaidie kubeba godoro lake kutoka stoo. Shika upande wa mbele. Na usilishike kwa vidole viwili, haling'ati."

Walilibeba wakipita mbele ya jiko, mbele ya madarasa, mbele ya chumba cha walimu ambamo Agbeko alikuwa amesimama dirishani. Kuukua hakumsalimia. Baaba alitangulia na sanduku. Walipomaliza, Kuukua alilitandika mwenyewe, akakunja kona za shuka mara tatu ingawa zilikuwa zimekaa vizuri mara ya kwanza, akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Alikusanya chupa za shito, mbili zilizobaki, akazitia kapuni bila kuzitazama.

"Ikirudi?" akauliza kwa sauti ya chini. "Maana Mwalimu hajasema inakwisha."

"Itarudi, Mama. Siku zangu zikifika itarudi hata nikila maji matupu."

"Nikae mpaka jioni?"

"Nenda. Nimekosa hesabu za wiki nzima."

Kuukua alitaka kusema kwamba hesabu zinaweza kungoja, lakini kwa miaka yote alikuwa amesema kinyume chake. Akamshika kichwa, akamnusa palepale nyuma ya sikio, mbele ya watu, akamwachia, akatoka.

Alikuwa amefika katikati ya ngazi aliposikia kicheko bwenini. Cha watu wawili, labda watatu. Akasimama. Mguu mmoja ulikuwa tayari umerudi ngazi ya juu. Kisha akasikia sauti ya Baaba. Maneno hayakumfikia kupitia ukuta, isipokuwa lile jina gumu la Mwalimu, trimethilamini, lakini sauti ilikuwa inakwenda bila kukatika, kama ya mtu anayeeleza njia kwa mgeni, na hakuna aliyeiingilia. Ilichukua muda. Kicheko hakikurudi. Kuukua alisimama pale, mkono mmoja kwenye ukuta, mpaka ikamalizika yenyewe, ndipo akashuka kwenda kutafuta gari la kurudi pwani, na hasira yake yote bado akiwa nayo.